Kyarimpa na Jua la Binti Yake

Placidia alifika na mikeka miwili, gunia tupu na misumari mfukoni, kama fundi aliyeitwa kazini. Hakuna aliyemwita. Yeye ni dada mkubwa wa Evaristi, na Evaristi ndiye baba yake Ankunda, kwa hiyo Placidia ni shangazi wa binti. Na huku kwa wafugaji wa mbuga za Nyakatuntu, Kyerwa, shangazi haombi ruhusa kuingia katika mambo ya harusi. Harusi ni yake. Alisalimia, akanywa maziwa, akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, na kabla mtu hajamuuliza kitu akaanza kugongelea gunia dirishani.

Kyarimpa, mama wa binti, alikuwa uani anakamua siagi kwa mkono ili maji yatoke. Aliposikia nyundo alijua. Alichukua fimbo yake ya kutembelea, akaenda taratibu, mguu wa kulia ukiburuta, akaingia chumbani, akakamata lile gunia na kulivuta kwa nguvu zake zote. Gunia likachanika katikati, na yeye nusura aende nalo chini.

"Wifi, una wazimu?" Placidia alimaka.

"Wazimu sina. Nina ugonjwa mwingine, na unaujua. Binti yangu haingii humu."

Kuingia ndani, kwa asiyejua, ni hivi. Msichana akishachumbiwa, shangazi humtenga katika chumba chenye giza. Hapikwi na jua, hapigwi na upepo. Hunyweshwa maziwa asubuhi, mchana na jioni mpaka aombe msamaha, hupakwa siagi, hufunikwa shuka, na siku ya kutolewa hutoka mnene, laini na mweupe, watu wapige vigelegele. Siku hizi wengi wameacha. Wengine hufanya wiki moja ya kujikosha tu. Lakini ukoo wa Mzee Leonadi wa Kimuli, aliyekuwa anamposea mwanawe Tusiime, haukuacha, na Placidia alikuwa ameahidi wiki sita, tena kwa kinywa kipana, bila kumuuliza mama mzazi hata kwa adabu ya uongo.

Kyarimpa mwenyewe aliwekwa ndani miezi minne. Alikuwa na miaka kumi na minane, na hakulalamika, aliona fahari. Alipotolewa, watu walisema hawajapata kuona bibi harusi mweupe kama yule, na sifa hiyo ikamfunga. Mke mwenye sifa hiyo humpeleki kisimani. Kwa miaka kumi na mitatu alikaa ndani ya nyumba ya mumewe akisukasuka kibuyu cha maziwa kivulini, na alipotoka kwenda kanisani alijifunika shuka hadi puani na kushika mwavuli juu. Huko nje jua la Mungu linawaka bure kwa kila mbuzi na kila mjusi.

Akiwa na miaka thelathini na mmoja, jicho la kulia lilimuuma, kisha likafifia. Alikuwa akiona rangi nyekundu kama maji ya kutu. Wiki sita, likarudi. Watu wakasema kijicho cha jirani. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi kuanzia nyayo hadi kiunoni, na kila alipoinamisha kichwa alihisi umeme unashuka mgongoni. Ikapita nayo, ikarudi, ikapita, ikarudi na kuacha deni lake mguuni. Waliuza ng'ombe, wakazunguka kwa waganga, wakachanjwa chale, wakaombewa. Wapi! Ilichukua miaka saba hadi siku alipolazwa ndani ya ile mashine kubwa ya picha huko Mwanza, na daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya upole, akamwonyesha madoa meupe ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Mama, huu unaitwa maltipo sklerosisi. Sisi tunafupisha, MS. Mwili una askari wake. Wako wewe wamegeuka, wanatafuna ganda la nyaya zinazotoa habari kichwani kupeleka miguuni."

"Nani kawageuza?"

"Hilo hakuna anayelijua sawasawa. Urithi umo, kidogo. Kuna kirusi fulani. Na kuna vitamini D. Mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua, na wanaokuwa nayo haba tangu ujana huugua huu zaidi kuliko wenzao. Wewe damu yako karibu haina kitu." Akaangalia karatasi, akamwangalia Kyarimpa. "Unatoka Kyerwa. Kule jua si lipo?"

"Lipo tele."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kyarimpa alikuwa akilirudia swali lile moyoni, na kila alipolirudia hasira ilimpanda. Hakumkasirikia daktari. Aliwakasirikia waliompigia vigelegele.

Daktari hakumdanganya, na hilo Kyarimpa huliheshimu hadi leo. Alimwambia vitamini haitarudisha kilichokwisha tafunwa. Alimwambia wako waliopima wakaona inasaidia kupunguza mashambulizi na wako waliopima wasione kitu. Lakini kwa damu kavu kama ile, mifupa nayo inaidai, kwa hiyo kidonge atameza na jua ataota. Dawa ya kuwatuliza wale askari ni nyingine, ya dripu, mara mbili kwa mwaka, na hiyo ndiyo asiikose.

Sasa Evaristi. Evaristi ni mtu mwema ila akisikia neno moja hulishika kama mkia wa ndama. Alisikia jua. Asubuhi ya pili akatandika mkeka katikati ya zizi, akamlaza mkewe hapo tangu saa tatu, akasema atamtoa saa nane. Ng'ombe wanavyoanikwa baada ya josho, na mke aanikwe! Kufika saa sita Kyarimpa hakuwa anaona mlango wa nyumba, miguu ikawa kamba, ulimi mzito. Evaristi alilia hadharani, akidhani amemuua. Wakampigia daktari simu. Daktari akasema mwagieni maji, mpelekeni kivulini: joto likizidi, zile nyaya zilizotafunwa hushindwa kupitisha habari, mwili ukipoa hurudi. Jua ni la muda mfupi, mikono na miguu wazi, uondoke kabla mwili haujachemka.

Basi Evaristi akahamia kwenye vidonge. Alikwenda Omurushaka, kwenye duka la dawa la Asia, mama mmoja ambaye babu yake alitoka Tanga, akataka makopo manne ili mkewe ameze mara tatu ya alichoandikiwa. Asia alimtazama juu ya miwani.

"Shemeji, hii si sukari ya chai. Ikizidi huharibu figo. Chukua kopo moja, na ukirudi kabla ya miezi miwili sikuuzii, hata ulie."

Hivyo ndivyo Kyarimpa alivyojifunza ugonjwa wake, kwa kuaibika na kwa kuuliza. Akaacha mwavuli. Kila siku saa nne hukaa nje mikono wazi, hukamua siagi yake, na wapitao husema mke wa Evaristi ameungua. Yeye huwaambia, "Ndiyo, na bado." Na Ankunda, binti yake wa pekee, alimlea nje nje, miguu peku. Msichana akasomea mifugo, akarudi na koti refu la buluu na sanduku la sindano, akawa anazunguka maboma anachanja ng'ombe. Huko ndiko Tusiime alikomwona, amemkaba ndama shingo, uso umejaa vumbi.

Sasa mtoto huyo ndiye wa kugongelewa gunia!

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Placidia alisema, ameinamia gunia lake lililochanika.

"La kwangu lilivunjika kwa kusikia," Kyarimpa akamjibu.

Hapo alizidisha, na mwenyewe alijua. Placidia naye si mjinga, akamshika papo hapo.

"Mimi niliwekwa. Mama yetu aliwekwa. Bibi yetu aliwekwa hadi nywele zikabadilika. Nani kati yetu anaburuta mguu? Wiki sita zitamfanya nini mtoto?"

"Wiki sita hazitamfanya kitu."

"Ala! Kumbe?"

"Wiki sita ndiyo mlango. Nyumba ya Leonadi wake zake wote wako ndani, hata kuku hawajui sura zao. Akikubali wiki sita, amekubali miaka ishirini. Sindano zake ataweka wapi? Na damu yangu anayo, wifi. Katika watoto mia wa wagonjwa kama mimi, wawili au watatu hupata. Tisini na saba hawapati. Sijui yeye yuko wapi. Daktari naye hajui. Lakini kitu kimoja ninachoweza kumpunguzia, nisimpunguzie kwa sababu watu wa Kimuli wanapenda weupe? Thubutu!"

Mlangoni alikuwa amesimama Ankunda. Hakuna aliyemwona alipofika.

"Mama," akasema polepole, "mimi nimeshamwambia Shangazi nitaingia."

Kyarimpa alimtazama mwanawe kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Ni wiki sita. Nampenda Tusiime. Baba yake akikataa, Tusiime hana ng'ombe wake mwenyewe, na mimi nitakaa hapa nikichanja ng'ombe wa watu wanaoolewa. Nikishafika kule nitajua la kufanya."

"Na mimi nilisema hivyohivyo," Kyarimpa alisema. Akatoka nje, akakaa, akalia kwa hasira, akaifuta ile hasira kwa upande wa kanga na kuendelea na siagi.

Ankunda akaingia. Gunia likashonwa, dirisha likafungwa. Kwa siku tisa Kyarimpa hakumtembelea mwanawe, maana alijua akiingia atavunja kitu. Evaristi alikuwa akipita katikati yao kama mtu aliyekanyaga miiba miwili, huku anamwambia mkewe avumilie, huku anamwambia dada yake asipige kelele. Kyarimpa alimuuliza, "Evaristi, wewe uko upande gani?" Akasema yuko upande wa amani. Lo! Amani ya nani?

Siku ya kumi, Mzee Leonadi na wazee wake walikuja kumalizia ng'ombe wa mahari na kupanga siku. Tusiime alifuatana nao, kwani ndiye aliyewaswaga. Asubuhi hiyo Placidia alimjia Kyarimpa na maneno laini.

"Wifi, leo wewe nawe ukae ndani. Chumba cha nyuma, na mtoto. Nitasema umekwenda kliniki. Wakikuona na fimbo watauliza, na ugonjwa wa kichwa unanuka kwenye ukoo. Unataka mwanao aachwe?"

Evaristi alitazama chini. Kyarimpa alimtazama Evaristi kisogoni, akasema, "Sawa." Akaingia.

Chumbani kulikuwa na giza na harufu ya maziwa yaliyoganda. Ankunda alikuwa ameketi kitandani, amefunikwa, shavu limeanza kujaa. Mbele yake chombo cha mti cha maziwa kilikuwa bado nusu. Alipomwona mama yake akisogea ukutani na fimbo, akipapasa mahali pa kukaa, alishtuka.

"Mama, umefuata nini?"

"Nimefichwa. Kama wewe. Wewe ili uwe mweupe, mimi ili nisionekane nilivyokuwa baada ya weupe."

Kyarimpa hakumsubiri ajibu. Alikaa pale dakika chache akisikiliza wanaume wakisifia ng'ombe huko nje, akasikia sauti ya Placidia ikisema mama wa binti amekwenda kliniki, hajambo kabisa, mwanamke mzima wa afya. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, wahenga walisema, na Kyarimpa hakutaka kungojea kilio. Alisimama, akatoka.

Ilikuwa saa sita na nusu. Toka mlangoni hadi walipoketi wageni ni hatua kama arobaini, na hakuna mti. Hatua ya kumi, jua likamshika. Ya ishirini, jicho la kulia likaanza kuzima. Alijua litakuja. Aliendelea. Wazee waligeuka mmoja mmoja. Alipofika mbele yao miguu ilikataa, akaketi chini kwenye majani, akaweka fimbo pembeni, akawasalimia.

"Shikamoo, Mzee Leonadi. Mimi ndiye mama yake Ankunda. Kliniki sikwenda. Nilikuwa chumba cha nyuma."

"Marahaba," Leonadi alisema, na macho yake yakamhamia Placidia. Placidia alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Kyarimpa alisema yote. Jina la ugonjwa, miaka, dripu, vidonge. Alisema si wa kuambukiza wala si laana. Alisema binti anaweza kuupata, ila uwezekano ni mdogo sana, akawatajia wale wawili watatu katika mia. Akasema jua si dawa ya kumponya mtu, mwenyewe hapo wanamwona lilivyomwangusha, lakini kijana kunyimwa jua ni kumwongezea hatari bila faida, na yeye hakubali.

Ng'ombe mmoja alikojoa.

Leonadi ni mfugaji wa miaka arobaini. Alijikuna kidevu, akasema, "Nimenunua ng'ombe minada yote ya Karagwe. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kasoro kabla sijatoa hela. Nyumba hii naiamini."

"Ahsante, Mzee. Ila mwanangu si ng'ombe."

Wazee waliguna. Mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Leonadi mwenyewe alikunja uso, kisha akaukunjua, akainua kidole.

"Basi tusivunje kwa jambo dogo. Wiki sita naziondoa. Amekwisha kaa siku ngapi, kumi? Na akae nne tu zaidi, ziwe wiki mbili. Kwa heshima yangu, watu wasiseme Leonadi alitolewa bibi harusi toka malishoni. Halafu akija kwangu, atakaa kama wake wa ukoo wetu wanavyokaa."

Evaristi alivuta pumzi kubwa kama aliyetuliwa gunia la mahindi. Siku nne! Placidia alianza kuitikia kwa kichwa. Wote wakamgeukia Kyarimpa, na yeye akajua kuwa harusi ya mwanawe iko mdomoni mwake.

"Hata siku moja," alisema.

"Mama Ankunda!" Evaristi alimsihi.

"Hata siku moja, Evaristi. Na huko kwake pia, hata siku moja. Kama hamtaki, ng'ombe wenu hawa hawajafunguliwa hata kamba. Njia ya Kimuli wanaijua."

Alikuwa anaona weupe tupu, na katika weupe ule hakumwona Ankunda akija. Alisikia tu Placidia akipiga ukunga, maana bibi harusi aliyewekwa ndani hatoki mbele ya wakwe, ni mkosi. Kisha maji baridi yakamshukia kichwani na mabegani. Ankunda alikuwa amesimama juu yake na ndoo, shuka limeanguka, mikono wazi, siagi ya siku kumi inamng'aa.

"Shikamoo, Mzee," Ankunda alisema. "Mama amesema ya kwake. Mimi niliingia kwa hiari yangu, na nimetoka kwa hiari yangu. Nikija kwenu nitapitia mlangoni, na kila asubuhi nitatoka kwa mlango huohuo na sanduku langu. Tusiime anajua kazi yangu. Muulize kama anamtaka huyu au anamtaka mwingine."

Leonadi hakumuuliza mwanawe. Tusiime alijibu bila kuulizwa, kwa sauti ya kijana anayeogopa baba yake: "Namtaka huyu."

"Hata nikichukua ng'ombe wangu?"

"Nitatafuta wengine, Baba. Nitachelewa tu."

Mzee aliinuka, akazunguka ng'ombe wake mara mbili, akimpiga huyu mgongoni, akimtazama yule kwato. Aliporudi alimuuliza Placidia, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa asiyetaka ionekane, "Na nani atamtoa bibi harusi asiyewekwa?"

"Si mimi!" Placidia alisema. "Naapa kwa kaburi la mama. Sitamshika mkono."

"Nitamtoa mimi," Kyarimpa akasema toka chini.

Ng'ombe walibaki.

Siku ya harusi, wiki tano baadaye, Placidia alikuja, akala, akakaa nyuma ya hema na mdomo wake, hakumshika mtu mkono. Ankunda alikuwa amemaliza wiki hiyo akichanja ng'ombe wa kijiji kizima. Alikuwa mweusi, kakauka, amependeza. Kyarimpa alimwagiwa maji kabla ya kutoka, kanga mbichi ikawekwa shingoni, akashika fimbo mkono mmoja na mwanawe mkono wa pili, wakaanza safari ya kutoka nyumbani hadi kwenye hema la wakwe, polepole sana, mguu ukichora mstari vumbini. Vigelegele vilipigwa nusu nusu. Wanawake wa Kimuli walikuwa wanatazamana. Mmoja, mnene, mweupe, amejifunika hadi kidevuni, alishindwa kuzuia ulimi.

"Jamani, mbona bibi harusi amepigwa na jua hivi?"

Kyarimpa alisimama mbele yake, akapumua kwanza, maana pumzi zilikuwa chache.

"Limempiga, na hakuanguka," alisema. "Tupishe tupite."